Jinsi ya Kuandaa Ibada ya Pamoja ya Makanisa Tabora Mjini

Ukitaka kuona Wakristo wa madhehebu tofauti wakifanya kazi moja bila semina wala risala, nenda msibani Isevya au Ng'ambo. Marehemu alikuwa Mkatoliki: katekista anaongoza sala, vijana wa Kimoraviani wanashusha viti, mama wa Kipentekoste yuko jikoni anamenya vitunguu, na Mwanglikana amekaa mlangoni anaandika rambirambi kwenye daftari. Hakuna anayedai ibada igawanywe vipande sawa. Mwenye marehemu ndiye mwenye ibada, wengine wanahudumu.

Ibada ya pamoja ikiandaliwa kwa kanuni hiyo ya msibani, huenda vizuri. Ikiandaliwa kwa hesabu ya kila dhehebu lipate chake, hufika giza watu bado wamekaa, na kila mmoja huondoka na jambo lake lililomkwaza. Maelezo haya ni ya ibada ya makanisa 6 hadi 10, watu kama 400.

Tarehe na saa

Tarehe inayojulikana duniani kote ni 18 hadi 25 Januari, Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo. Ilianzishwa mwaka 1908 na Paul Wattson wa Marekani, na siku yake ya mwisho ni sikukuu ya Kuongoka kwa Mtume Paulo. Tangu 1968 masomo na sala za kila mwaka huandaliwa kwa pamoja na Kanisa Katoliki na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kwa hiyo kamati haianzi na karatasi tupu.

Shida yake kwa Tabora ni mvua. Januari ni katikati ya msimu wa mvua, na mvua ya alasiri ikitua juu ya bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoishinda. Mhubiri atabaki anatazamwa tu. Chagua jengo lenye dari, au fanya kama nchi nyingi za kusini mwa ikweta, zinazoweka wiki hii karibu na Pentekoste. Pentekoste haitangulii 10 Mei wala haivuki 13 Juni, na wakati huo kiangazi chetu kimeshaingia. Sisi tunaipendelea Pentekoste. Jumatatu ya Pasaka nayo hupendwa kwa sababu ni sikukuu ya kitaifa, ila kwaya zinakuwa zimechoka na Juma Kuu, sauti zimekauka.

Saa iwe Jumapili, saa 9 alasiri. Asubuhi haiwezekani: kila kanisa lina ibada yake na sadaka yake, na paroko mwenye vigango (makanisa madogo ya nje ya parokia) anaweza kuwa njiani mpaka saa 7 mchana. Jumamosi usiiguse kama unawataka Wasabato, maana Sabato yao inaanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua.

Nani aalikwe, na kwa mlango upi

Kwanza amueni mpaka wa mwaliko, msije mkabishana mbele ya wageni. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Baraza la Makanisa Ulimwenguni: makanisa yanayomkiri Bwana Yesu Kristo kuwa Mungu na Mwokozi kadiri ya Maandiko, na kumtukuza Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mashahidi wa Yehova hawashiriki ibada za mchanganyiko. Waheshimuni kwa kutowabembeleza.

Kisha barua. Makanisa ya Tanzania yana vyombo vikubwa vitatu vya ushirikiano: CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) kwa Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani, Wamennonite, Africa Inland Church (AIC) na wengine; TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania) kwa Wakatoliki; CPCT (Baraza la Makanisa ya Kipentekoste Tanzania) kwa Wapentekoste. Wasabato hawamo CCT wala TEC, kwa hiyo wanahitaji barua yao wenyewe. Usidhani barua moja ya CCT imemfikia kila mtu.

Mpe kila mtu muda wa kupandisha barua ngazini. Mchungaji wa kanisa la mahali la Kipentekoste anaweza kukujibu hapo hapo mlangoni. Paroko hawezi: mambo ya kiekumene, yaani ya ushirikiano wa madhehebu, yako chini ya Askofu, naye atataka kuona ratiba kamili kabla ya kukubali. Ushirika wa Moravian nao una wilaya na jimbo juu yake. Peleka barua wiki 10 kabla ya siku, ukiambatanisha rasimu ya ratiba na sentensi moja iliyo wazi: *hakutakuwa na Ekaristi wala Meza ya Bwana katika ibada hii*. Hiyo sentensi ndiyo inayofungua milango mingi. Sheria za Kanisa Katoliki haziruhusu padre kuadhimisha Misa pamoja na wachungaji wa makanisa yasiyo na ushirika kamili nalo, wala haziruhusu watu wote kukomunika kwa pamoja tu kwa kuwa wamekusanyika. Ukiliacha hilo bila kuandikwa, utapata jibu la "tutawasiliana" mpaka siku ipite.

Kamati iwe na wajumbe 2 kutoka kila kanisa, mmoja wao mwanamke au kijana. Viongozi wakuu wasikae kwenye kamati. Wakikaa, hakuna atakayethubutu kusema kwamba mahubiri ni marefu.

Ibada ikiwa nje ya jengo, au kukiwa na maandamano barabarani, sheria inataka taarifa ya maandishi polisi angalau saa 48 kabla. Msisubiri saa hizo. Pelekeni wiki mbili kabla, baada ya kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, na muandike saa ya kuzima spika.

Jengo la nani

Uzungusheni uenyeji mwaka hadi mwaka. Mwaka huu kwa Waanglikana, mwaka ujao kwa Wakatoliki, unaofuata kwa FPCT, mojawapo ya makanisa ya Kipentekoste. Ukumbi wa shule unaonekana kuwa salama kwa wote, lakini unawanyima watu jambo muhimu: kuingia ndani ya kanisa ambalo wamelipita miaka yote bila kuvuka kizingiti.

Mwenyeji asifunike sanamu, asizime taa ya tabernakulo (kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi), asifiche ngoma wala gitaa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Na mgeni asiulize kwa sauti "hii ya nini?" Wapangeni vijana 8 wa kanisa mwenyeji mlangoni wawakaribishe watu na kuwachanganya kwenye mabenchi. Msipofanya hivyo, Wamoraviani watakaa kushoto, Wapentekoste mbele karibu na vyombo, Wakatoliki nyuma karibu na mlango, na mtakuwa na makanisa kadhaa chini ya bati moja.

Viongozi wakae kwa mstari mmoja, viti vya aina moja, kwa mpangilio wa herufi za majina ya makanisa. Kiti kimoja chenye mito katikati ya vya plastiki kinatosha kuharibu alasiri nzima. Mavazi: kila mmoja avae analovaa kanisani kwake, kanzu na stola, joho, au suti.

Ratiba ya muda wa saa 2

Ibandikeni ukutani na kila mhusika apewe nakala:

- Kuingia na wimbo wa wote: dakika 12
- Salamu za mwenyeji: 5
- Sala ya toba: 5
- Ezekieli 37:15–23, kisha Zaburi 133 kwa kupokezana: 9
- Kwaya ya kwanza: 6
- Waefeso 4:1–6, wote kwa pamoja: 3
- Yohana 17:20–23: 3
- Mahubiri: 15
- Kimya: 2
- Kwaya ya pamoja: 6
- Maombi ya waamini: 15
- Sadaka, na kwaya ya pili ikiimba: 18
- Baba Yetu na amani: 7
- Matangazo: 4
- Baraka na wimbo wa kutoka: 10

Utaona kwaya ni mbili tu na ile ya pamoja. Hapa kamati nyingi hulegea. Kila kanisa lina kwaya, kila kwaya imeshona sare, na kila mwenyekiti wa kwaya anajua namna ya kusema "wimbo mmoja tu wa kumsindikiza mchungaji wetu". Kwaya 8 kwa dakika 8 kila moja, ukihesabu kusimama, kupanga spika na kurudi kukaa, ni zaidi ya saa nzima. Wakubalieni wote waimbe wakati wa chakula, baada ya baraka, ambapo asiyetaka kusikiliza anaweza kwenda kunawa.

Kwaya ya pamoja ndiyo kazi yenyewe. Chukueni waimbaji 5 au 6 kutoka kila kanisa, mhakikishe sauti zote nne zimo. Mkiacha hiari mtapata soprano 30 na besi wanne. Anzeni mazoezi wiki 5 kabla, mara mbili kwa wiki. Kikwazo kikubwa ni kwamba kwaya za Kikatoliki na nyingi za Kilutheri hujifunza kwa nota, wakati kwaya nyingi za Kipentekoste hujifunza kwa kusikia na kinanda. Mwalimu wa nota ataona wenzake wanamchelewesha. Hao nao watamwona anaua uimbaji. Rekodini kila sauti peke yake kwenye simu, mtume kwenye kundi la WhatsApp, na mazoezini muweke karatasi ya nota kwa anayeitaka. Nyimbo za wote chapisheni maneno kamili. Msitaje namba, kwa sababu namba ya wimbo kwenye kitabu cha dhehebu moja ni wimbo mwingine kabisa kwenye kitabu cha jirani.

Salamu, vyeo na mhubiri

Mshereheshaji akisema "Bwana Yesu asifiwe" peke yake, sehemu ya kanisa inaitika kwa kishindo na sehemu inatazamana. Akisema "Tumsifu Yesu Kristo", inakuwa kinyume chake. Atoe zote mbili kila anaposimama, moja baada ya nyingine, bila utani.

Vyeo visikisiwe. Padre, Kasisi, Mchungaji, Mwinjilisti, Mzee wa Kanisa, Mtume: kila kiongozi aandike mwenyewe kwenye kadi anavyotaka kuitwa, na mshereheshaji asome kadi kama ilivyo. KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na baadhi ya makanisa mengine wana wachungaji wanawake; mwite Mchungaji kama kadi yake inavyosema, hata kama kanisa lako halina utaratibu huo.

Mhubiri awe mmoja, asiwe wa kanisa mwenyeji, na apewe maandishi ya nini asiguse: ubatizo wa watoto, Bikira Maria, Sabato, kunena kwa lugha. Asitoe wito wa kuokoka. Kwa mhubiri wa Kipentekoste hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana kwake mahubiri bila wito ni kama hayajaisha. Mwelezeni sababu mapema: Mkatoliki au Mmoraviani aliyebatizwa anapoitwa mbele "kumpokea Yesu", anachosikia ni kwamba mpaka jana hakuwa Mkristo. Upande wa pili, msiweke Salamu Maria, ubani wala kunyunyiza maji ya baraka. Kukumbuka ubatizo kwa maji kunapendeza sana kwa Wakatoliki na Waanglikana, lakini kwa wanaobatiza watu wazima kwa kuzamisha, ni kuwasukuma wakubali jambo ambalo mababu zao wa imani walilikataa.

Baba Yetu

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa kuwa ni sala ambayo hakuna anayetazama karatasi. Wote wanaanza sawa mpaka "jina lako litukuzwe". Kisha Wakatoliki wanasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", wengine "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Huku wanaomba mkate, kule riziki. Wakatoliki wanafunga na "utuopoe maovuni, Amina" wakati wengine ndio kwanza wanavuta pumzi ya "Kwa kuwa ufalme ni wako". Matokeo ni watu wachache kunyamaza kwa aibu, na wengine kupaza sauti ili wasimezwe.

Kiongozi atangaze kabla: "Kila mmoja asali kama anavyosali kanisani kwake, polepole, na tusubiriane." Halafu ashushe maiki. Maiki ikibaki mdomoni mwake, maneno ya kanisa lake ndiyo yanayogeuka kuwa sahihi na ya wengine makosa. Baada ya Amina ya kwanza asubiri mpaka ya mwisho itoke, ndipo aendelee. Msitunge tafsiri ya tatu ya pamoja, hakuna atakayeikumbuka.

Kanuni ya Imani tunashauri iachwe. Maneno yanatofautiana hasa pale panapotajwa Kanisa, na makanisa mengi ya Kipentekoste hayana desturi ya kuikariri. Waefeso 4 inabeba kazi hiyo: mwili mmoja, Roho mmoja, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Someni kutoka Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, au Union Version, tafsiri ya zamani ya Waprotestanti, kama ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, ila chagueni moja na muichapishe.

Sadaka

Tangazeni matumizi yake wiki kadhaa kabla: kwa mfano mashuka ya wagonjwa, hospitali ya Kitete. Sadaka isiyo na jina itazaa swali la nani ameshika pesa, na swali hilo litaishi kuliko mahubiri. Wahesabuji 3 kutoka makanisa 3 wahesabu mara tu baada ya kikapu, wasaini karatasi moja, na kiasi kisomwe kwenye matangazo. Mnada wa kuku na mahindi uacheni siku hiyo. Unachangamsha, lakini unakula dakika 40, na baadhi ya makanisa hayaupendi ndani ya ibada.

Meza ambayo wote wanaweza kukaa

Kwa kuwa Meza ya Bwana haiwezekani kwa pamoja, chakula baada ya ibada si nyongeza ya ukarimu. Wamoraviani wana jina na historia ya jambo hili: karamu ya upendo, waliyoianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727. Ni kula pamoja kwa sala na nyimbo, bila kuwa sakramenti. Nao wana mizizi huku kwetu tangu walipoipokea misheni ya Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898. Waombeni wao waongoze sehemu hii.

Nyama achaneni nayo. Ukiipika, utaanza kuulizwa nani amechinja, kama kuna nguruwe, na majirani Waislamu waliokuja kusalimia watakula nini. Chai nayo ina shida: Wasabato wengi hawanywi chai wala kahawa. Uji wa ulezi, maandazi, karanga na matunda vinamfaa kila mtu. Kwa watu 400:

Uji lita 120 unampa kila mmoja kikombe cha mililita 300. Unga kilo 11 hadi 12, sukari kilo 7. Pikeni kwenye masufuria matatu ya lita 50, msijaze moja mpaka juu, maana ulezi ukifurika unazima moto na kuungua chini kwa wakati mmoja. Korogeni unga kwanza na maji baridi ndoo mbili. Ukiumwaga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge. Maandazi mawili kwa kila mtu ni 800: unga wa ngano kilo 30, sukari kilo 4 na nusu, mafuta ya alizeti lita 7. Semeni wazi kwamba ni mafuta ya mimea. Karanga kilo 20. Maji ya kunywa lita 200, na ya kunawa ndoo 10 zenye koki, la sivyo foleni itafika barabarani.

Wapishi wachanganywe kama waimbaji, wanne kutoka kila kanisa. Msigawe kazi kwa kanisa, kwamba hawa walete maandazi na hawa uji. Mkifanya hivyo, jioni watu wataanza kulinganisha ya nani yalikuwa magumu.

Umeme na spika

Jenereta iwepo na iwe imewashwa kwa majaribio Jumamosi, si kuletwa tu. Fundi mitambo awe mmoja kwa ibada nzima. Kila kanisa likija na fundi wake, kila anayeshika mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) atapandisha sauti kidogo kuliko aliyemtangulia, na kufikia sadaka wazee watakuwa wameziba masikio.

Baada ya siku yenyewe

Kikao cha tathmini kifanyike ndani ya siku 7, risiti zikiwa mezani. Nakala ya hesabu iende kwa kila kanisa, hata lile lililotuma watu wanne tu. Kisha pangeni kazi moja ya robo mwaka isiyohitaji mhubiri. Kwa mkoa huu kuna mfano tayari: mgonjwa anatibiwa Ndala kwa Wakatoliki, Nkinga kwa Wapentekoste wa FPCT, au Sikonge kwa Wamoraviani, bila kuulizwa alibatizwa wapi, na tangu 1992 makanisa ya CCT na TEC yana chombo kimoja cha kusimamia huduma hizo, CSSC (Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii). Kamati ya mtaa inaweza kuanza na zamu ya kuwapelekea chakula wagonjwa wasio na ndugu, kila kanisa wiki yake, au daftari la pamoja la viti, masufuria na maturubai ili msiba ukitokea Cheyo au Kiloleni watu wajue wapige simu wapi.

Uenyeji wa mwaka ujao utangazwe kwenye kikao hicho hicho. Ukiachwa mpaka Januari, kila kanisa litasubiri jingine lijitolee, na barua ya kwenda kwa Askofu itachelewa tena.